Bei ya tele, kibaba cha mfuto: tathmini ya vitafunio vya Unguja na Pemba

Zamani kipimo kilikuwa na majina mawili. Kibaba cha tele kilifanya kichuguu juu ya mdomo. Kibaba cha mfuto kilifutwa kwa kiganja mpaka kikawa sawa na ukingo. Vibaba vinne pishi, na mnunuzi akijua amechukua kipi. Vitafunio vya siku hizi, kuanzia pakti za kripsi kwenye maduka ya Mlandege mpaka kaimati za jioni Mwanakwerekwe, vinauzwa kwa bei ya tele na kujazwa kwa mfuto, na mara nyingine hata huo mfuto haufikiwi. Hapa tunavipitia kimoja kimoja: kipi kinapunja, kinapunja wapi, na kipi kinalaumiwa bure.

Chanzo chenyewe kimo mfukoni zaidi kuliko ndani ya pakti. Kitafunio cha mtoto wa skuli kinanunuliwa kwa sarafu: mia, mia mbili, mia tano. Ngano, mafuta na sehemu kubwa ya sukari vinaingia visiwani kwa meli, na vikipanda bei muuzaji hawezi kuuza andazi kwa shilingi 230, maana hakuna atakayemrudishia mtu shilingi 70 kamili. Basi bei hukaa pale pale muda mrefu, kisha huruka kwa mkupuo. Baina ya mruko mmoja na mwingine, anayebeba mzigo ni andazi. Wenye viwanda vikubwa nao wanafanya hivyo hivyo. Mwaka 2016 chokleti ya Toblerone iliyokuwa ikiuzwa Uingereza kwa gramu 400 ilishuka hadi 360, na ile ya 170 ikawa 150, kwa kupanua tu mabonde baina ya vilima vyake. Sanduku lilibaki na urefu ule ule. Ufaransa imewalazimisha wenye maduka makubwa, tangu Julai 1, 2024, kubandika tangazo kila bidhaa inapopunguzwa ujazo na bei ya kila kilo ikapanda. Kwetu kazi hiyo anabaki nayo mnunuzi.

Tuanze na kripsi za kiwandani, kwa kuwa ndizo zinazotukanwa kuliko vyote, na nusu ya matusi hayo haziyastahili. Ile hewa si wizi. Pakti inatengenezwa kwenye bomba la mashine, kripsi zilizokwisha kupimwa zinadondoka kutoka juu, inapulizwa gesi ya naitrojeni, halafu mdomo unabanwa kwa moto. Oksijeni ikibaki humo, mafuta yaliyomo kwenye kripsi huharibika na kutoa harufu ya karai la juzi, naitrojeni haiyagusi. Kuvimba kwa pakti ni mto pia. Boksi linapakiwa lori, linashushwa bandarini, linapanda chombo, linashuka bandari ya Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, linamalizia safari kwenye mkokoteni. Kripsi zisizo na mto hufika unga. Na juu lazima iachwe nafasi ili mshono ushike: kipande kimoja kikinasa kwenye mshono, pakti inavuja, na kwa unyevu wa visiwani ndani ya siku chache kripsi zinanywea kama karatasi iliyorowa.

Kwa hiyo kuminya pakti dukani ni kujichosha. Kinachosomwa ni gramu, zile herufi ndogo zilizoandikwa chini, mara nyingine juu ya mkunjo ambapo hazionekani mpaka mtu anyooshe pakti kwa vidole viwili. Wizi wa kweli uko hapo. Pakti inabaki na upana, rangi na picha ile ile ya kiazi, lakini 30 imekuwa 25. Hesabu yake ni moja ya sita: kwa kila pakti sita alizolipia mnunuzi, moja imerudi kiwandani. Jicho halina namna ya kuliona hilo. Njia ni kukumbuka namba, au kuweka pakti tupu moja ya zamani kabatini iwe shahidi.

Kripsi za muhogo na za ndizi zinazofungwa hapa hapa kwenye mifuko myeupe ya nailoni ni habari nyingine. Hizo hazina naitrojeni. Mdomo unabanwa kwa kimashine cha umeme, au kwa mshumaa, na kilichomo ndani ni pumzi ya jikoni tu. Mfuko uliovimba sana hapo hauna udhuru wa kuhifadhi mafuta. Udhuru wa mto unao kidogo, kwa sababu safari yenyewe ni kutoka mtaa hadi mtaa. Angalia na mkato. Vipande virefu vilivyochanwa kwa urefu wa muhogo husimama wima vikashikana mabega, na mfuko ukaonekana umejaa. Vya duara hulala na kufuatana. Gonga mfuko mara tatu juu ya meza ya duka. Vikishuka chini ya nusu, umeuziwa msitu wenye miti michache. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mifuko mingi ya aina hii haina uzito ulioandikwa kabisa, hivyo hata malalamiko hayana pa kusimamia. Wapo watengenezaji wanaobandika lebo yenye uzito, tarehe na jina. Wanastahili kununuliwa hata kama wamezidisha bei kidogo, kwa kuwa wamejifunga wenyewe kwa maandishi.

Kupima nyumbani si kazi kubwa, lakini kuna makosa yanayofanya watu wagombane na muuzaji asiye na hatia. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, ile inayopanda gramu moja moja, inatosha kwa mkate, ila pakti ya gramu 25 ikipimwa peke yake haisemi kitu: kosa la gramu moja ni asilimia 4 nzima. Pima pakti tano kwa pamoja. Kabla ya hapo ihakiki mizani yenyewe. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, weka kikombe juu ya mizani, rudisha sifuri, mimina maji bomba tano. Isome gramu 100, au ipishane kwa moja. Ikisoma 92, mwenye kupunja ni mizani yako. Kisha pima pakti tano zikiwa zimefungwa, toa kilichomo, futa mafuta na chumvi iliyoganda ndani, pima pakti tupu, utoe. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho, na hapo wanampendelea mwenye kiwanda, kwa kuwa uzito ulioandikwa ni wa kilichomo, bila pakti.

Halafu jua mpaka wa uvumilivu. Mashine haiwezi kudondosha gramu 30 kamili kila mara. Kanuni ya kimataifa ya bidhaa zilizofungashwa, OIML R 87, inavumilia upungufu wa asilimia 9 kwa pakti moja moja yenye gramu 5 hadi 50. Kuanzia 50 hadi 100 inavumilia gramu 4.5, na kutoka 100 hadi 200 asilimia 4.5. Pakti ya 30 iliyotoka na 28 basi si kesi. Lakini wastani wa mzigo mzima lazima ufikie kilichoandikwa, na pakti iliyopungua mara mbili ya uvumilivu, yaani iliyo chini ya gramu 24.6 kwa hiyo ya 30, haikubaliki hata moja. Moja yenye 28 ni bahati mbaya. Tano zote zikiwa na 28, hasa zikitoka boksi tofauti, mtu amegusa mashine.

Sasa karanga za kikaratasi. Hapa panataka utulivu, maana kitu kinachoonekana kidogo ndicho chenye hesabu tamu kuliko vyote. Karatasi ya daftari inaviringishwa kama koni, ncha inasokotwa, karanga zinamiminwa, mdomo unakunjwa. Mnunuzi hukagua ncha, akiminya chini kuona kama pana tupu. Amekosea mahali. Nusu ya chini ya koni, kutoka nchani hadi katikati, inabeba moja ya nane tu ya ujazo wote. Hata ikisokotwa yote, hasara ni ndogo. Mali iko juu. Koni iliyojazwa robo tatu ya urefu wake ina asilimia 42 ya ujazo, chini ya nusu, na ile robo iliyobaki juu ndiyo inayokunjwa "zisimwagike". Muuzaji anayejaza mpaka mdomoni na kukunja ukingo wa kidole kimoja anakupa karibu mara mbili ya yule anayekunja robo, na vikaratasi vyao vimelala sinia moja kwa bei moja. Fungua mkunjo kabla ya kulipa, uone karanga zinaanzia wapi. Anayepima kwa finjani mbele yako ni bora, mradi uitazame finjani yenyewe: ya kitako kinene, au ya plastiki iliyoinuliwa chini, nje inaonekana kubwa na ndani ni ya mtoto. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba chenyewe kikibonyezwa kitako hakihitaji haba nyingi.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayopunguza kaimati bila mtu kupiga kelele, na mwezi wa Ramadhani ndipo inapofanya kazi vizuri. Kaimati zinahesabiwa: kumi ni kumi. Ya upana wa sentimita 4 ikishuka hadi 3 na nusu, jicho linaona ile ile, pengine iliyopendeza zaidi. Ujazo wake umeshuka kwa theluthi. Kumi hizo ni sita na robo tatu za zamani, zilizobaki ni shira. Shika moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiweza kufunga duara bila kuikandamiza, idadi iongezwe. Sambusa usihangaike nayo sana: vunja moja. Nyama ifike pembe zote tatu. Ikikusanyika katikati na pembe mbili zikawa manda juu ya manda, umenunua unga wa kukaanga, na kitunguu kikiwa kingi kuliko nyama utakiona kwa maji yanayolowesha manda kutoka ndani.

Boflo linadanganya kwa hewa, kinyume cha kripsi, na hapa hewa ndiyo mkosaji hasa. Donge likiongezwa hamira na kuachwa liumuke kupita kiasi, mkate mdogo wa unga hutoka mkubwa wa umbo. Dalili ni matundu makubwa yasiyo sawa, ukuta mwembamba unaobonyea ukiushika, na makombo kuanguka siku ile ile. Donge hupoteza takriban moja ya kumi ya uzito wake kwa mvuke wa tanuri, kwa hiyo lililopimwa gramu 100 linatakiwa litoke na kama 88 au 90. Pima mkate uliopoa, si wa moto. Andazi ni vivyo hivyo: lililosukumwa jembamba huvimba likawa kibuyu, tupu ndani. Zuri ni zuri, kwa chai, lakini si mlo.

Ubuyu unahitaji kukaa nao kidogo. Unaopikwa vizuri ni mbegu zenye unga wake mzito, zilizogeuzwa kwenye shira iliyotiwa rangi, hiliki, arki ya vanila, chumvi na pilipili, kisha zikanyunyiziwa unga mkavu wa ubuyu zisishikane. Kinacholiwa ni ule unga unaozunguka mbegu, mbegu hutemwa. Kwa hiyo gramu za ubuyu peke yake hazitoshi kuhukumu, kwa kuwa kopo la mbegu kubwa zilizokwanguka unga linaweza kuwa zito na lisiwe na kitu. Chagua punje zenye ngozi nene isiyo sawa, zenye vinundu. Mbegu laini na ya kung'aa imevishwa sukari badala ya unga. Geuza kopo juu chini. Punje zianguke kwenye kifuniko moja moja au kwa vishada vidogo. Zikibaki zimeganda kitakoni kama bamba jekundu, umepimiwa shira. Sukari na maji ni rahisi kuliko ubuyu na vinaongeza uzito mara moja. Ubuyu wa namna hiyo unanata kwenye meno na kuacha wino mdomoni bila ukali wa ndimu ambao ndio ubuyu wenyewe.

Makopo yenyewe yamekuwa fani. Yanayouzwa kwa wasafiri, bandarini na uwanja wa ndege, yanapendeza, lakini pitisha kidole chini: kitako kikiwa kimeingia ndani kama sahani iliyogeuzwa, kimo unachokiona nje si kimo cha ubuyu. Kifuniko kirefu kinafanya kazi hiyo hiyo kutoka juu. Lebo inayozunguka kopo lote, bila dirisha, ifikiriwe mara mbili. Kwa bei na wingi, ubuyu unaopimwa kwa mizani Darajani, ukatiwa kwenye mfuko mbele yako, bado ndio ununuzi wenye akili. Kopo lichukuliwe kwa zawadi, na ulichukulie kama zawadi.

Halua haina pa kuficha hewa. Ni nzito, inakatwa, inapimwa. Ila kuna kikapu. Halua inayofungwa kwenye kikapu kidogo cha ukindu mara nyingi hupimwa pamoja na kikapu chake, na ukindu, hasa ukiwa na unyevu, una uzito wake. Omba kikapu kiwekwe kwanza, mizani irudishwe sifuri, ndipo halua itiwe. Muuzaji mzuri hatanuna. Upungufu mwingine wa halua hauonekani kwenye mizani kabisa: samli na lozi zinapungua, wanga unaongezeka, kilo inabaki kilo. Bonyeza kipande. Yenye samli inaacha mng'aro kwenye kidole na kukatika bila kuvutika. Yenye wanga mwingi inanyumbuka kama mpira na kuacha ladha ya uji. Kule Wete, Pemba, wanaojua halua hula kipande kwanza na kuuliza bei baadaye, na utaratibu huo hauna kasoro.

Urojo haupimwi kwa gramu, na pengine usipimwe. Lakini bakuli lina siasa yake. Ule rojo wa unga na manjano ndio rahisi kuliko vyote; bajia, kachori, kiazi, mishkaki na yai ndivyo vinavyogharimu. Kripsi za muhogo zinazomwagwa juu mwishoni hufanya kichuguu cha tele, kisha zinalainika na kuzama, na chini yake unakuta bajia mbili na bahari. Hesabu vitu vinapotiwa, kabla ya rojo, na kripsi ziombwe pembeni. Mishkaki iangaliwe kijiti: sehemu inayoshikwa imekuwa ikirefuka, na nyama inarudi nyuma. Juisi ya miwa Forodhani ni tamu na inastahili foleni, ila barafu ya kujaza glasi inakula nusu ya juisi au zaidi, na povu la juu linamaliza lililobaki. Sema barafu mbili tu, usubiri povu litulie, uombe ijazwe.

Kwa vilivyoandikwa uzito, tumia hesabu moja tu: bei gawa kwa gramu, zidisha kwa 100. Pakti ya shilingi 500 yenye gramu 25 ni shilingi 2,000 kwa kila gramu 100. Ya 1,000 yenye gramu 60 ni kama 1,667, nafuu kweli. Ya 2,000 yenye gramu 95, iliyoandikwa "ya familia" kwa herufi kubwa, ni kama 2,105, ghali kuliko ile ndogo ya mtoto. Maandishi makubwa hayana gramu.

Mwenye duka usimgombeze. Pakti amepokea imefungwa kama ulivyoipokea wewe, na mara nyingi naye ananunua kwa boksi bila kujua kilichopungua. Mizani yake ndiyo yake, na mhuri wa uhakiki uwepo juu yake. Kwa pakti zilizopungua upo Wakala wa Vipimo Zanzibar, na kwa udanganyifu wa kibiashara ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Malalamiko ya mdomo hayaendi mbali. Peleka pakti tano, mbili kati yake zikiwa hazijafunguliwa, pamoja na risiti ikiwepo, na uzito uliopata umeandikwa karatasini. Zile unazofungua zichane kwa upande usio na tarehe na namba ya toleo, kwa kuwa watu wengi huchana pale pale ilipoandikwa namba, na ushahidi ukaenda na kipande kilichotupwa jaani.